Anti, Nataka Begi la Mgongoni Litakalodumu na Lisilo na Machozi ya Mtu

Shikamoo Anti,

Mimi ni afisa ugani katika kata moja ya Rungwe, naishi Tukuyu mjini. Kazi yangu ni ya pikipiki tangu asubuhi, leo kwenye migomba, kesho kwenye parachichi, keshokutwa kikao cha wakulima wa chai. Mgongoni nabeba kishikwambi cha ofisi, daftari, koti la mvua, chupa ya chai na chakula cha mchana. Msimu wa kupima udongo naongeza na vimfuko vya sampuli, na udongo ni mzito kuliko unavyoonekana. Mvua za huku unazijua.

Tatizo langu ni mabegi. Nikishuka Mbeya hununua Mwanjelwa, jipya, lenye jina kubwa limeandikwa mbele, kati ya 25,000 na 35,000. Masika hayaishi, mkanda umeng'oka pale juu unapokutana na begi, au zipu inafunga mbele huku nyuma inaachia. Hili nililonalo mkanda wa kulia ulikatika nikiwa kwenye mteremko, begi likaning'inia upande mmoja, nusura niende nalo kwenye mtaro. Ndani nako kunabanduka kitu cheupe kama magamba, kinanata kwenye karatasi zangu zote.

Ingekuwa hilo tu ningenunua jingine nikanyamaza. Lakini mdogo wangu wa kike alikuwa anashona mabegi ya shule kwenye karakana moja, mji mwingine ambao sitautaja. Walilipwa kwa kila begi. Likikataliwa kwa mshono kupinda, halilipwi na kitambaa unakatwa wewe. Shule zikikaribia kufunguliwa walishona hadi usiku bila nyongeza. Mwezi uliopita aliondoka, na hadi leo anawadai malipo ya zaidi ya mwezi. Tangu hapo nikishika begi la bei ya chini namfikiria yeye.

Mume wangu anacheka, anasema kama naogopa jasho la watu nitembee na kapu. Akiacha utani anasema ninunue la ngozi, ngozi haifi. Binamu yangu aliyeko Ujerumani yuko tayari kunitumia jipya la kampuni inayosifika kwa kujali wafanyakazi, ila nimrudishie kama laki tatu na nusu. Shoga yangu yeye ni mtu wa mitumba, kwake hakuna mjadala. Nishike lipi? Na mtu wa kawaida kama mimi nitajuaje kwamba begi limeshonwa kwa haki?

Ndaga fijo,
Mama Wawili, Tukuyu

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mteremko ule.

Nianze na mdogo wako, kwa sababu begi linaweza kusubiri na dai lake haliwezi. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, hupokea malalamiko ya malipo ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kama alifukuzwa na anapinga kufukuzwa kwenyewe, ni siku 30 tu. Ukisema mwezi uliopita, muda wa dai la malipo bado upo lakini si mwingi. Akichelewa anaweza kuomba kuongezewa, ila atatakiwa kueleza sababu za msingi, na hakuna haja ya kujitia kwenye hilo. Ajaze Fomu Namba 1, nakala ampelekee mwajiri, kisha aiwasilishe ofisi ya CMA ya huko alikofanyia kazi.

Na asidanganywe kwamba kwa kuwa alilipwa kwa idadi ya mabegi, au hakupewa mkataba wa karatasi, basi hana lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aweke masharti ya ajira kwa maandishi. Akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa wake. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Hata hayo makato ya kitambaa, mwajiri hajiamulii tu kukata. Kwa hiyo akae na kalamu aandike siku zile zote anazokumbuka alishona hadi usiku, na nani alikuwa anashona jirani yake.

Haya, begi.

Hilo ulilonalo usilitupe. Katika maelezo yako sijaona mahali uliposema kitambaa chenyewe kimechanika. Umeniambia mkanda, zipu na magamba ya ndani. Mabegi mengi hufa hivyo, viungo vinaachia mwili ukiwa mzima, na viungo vinashoneka.

Mkanda uling'oka kwa sababu kiwandani waliupachika kwa mstari mmoja au miwili ya mshono kwenye ukingo wa kitambaa, basi. Uzito wote wa udongo wako ukawa unavuta mashimo ya sindano, na kila shimo la barabara likiongeza mvuto. Mkanda unaodumu huingizwa ndani ya mshono wa begi sentimita kadhaa, ukashonwa umbo la kisanduku chenye msalaba katikati, na nyuma yake kukawekwa kipande cha kitambaa kigumu ili mvuto ugawanyike. Kazi hiyo usimpelekee fundi wa magauni. Si dharau kwake, cherehani yake ya Butterfly imezoea vitenge, na ikikutana na tabaka nne za mkanda na sponji inaruka mishono au inavunja sindano. Nenda kwenye gereji umtafute fundi anayeshona viti vya magari, au wale wanaoshona maturubai ya malori. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita Mbeya na malori ya Zambia na Kongo hayakauki, kwa hiyo mafundi wa turubai wapo. Fundi viatu mwenye cherehani yake nzito naye anaweza. Mwambie atumie uzi wa nailoni ule mnene. Uzi wa pamba kwenye mvua za Rungwe unaoza ukiwa bado unaonekana mzima.

Zipu inayofunga mbele na kuachia nyuma, watu wengi huyalaumu meno na kung'oa zipu nzima. Mara nyingi meno hayana kosa. Kilicholika ni kile kichwa kinachotembea: matope na vumbi vimekisugua hadi kimepanuka, hakiyabani meno tena. Kwanza safisha meno kwa mswaki wa zamani. Kisha chukua koleo ndogo, ukibane kichwa kidogokidogo upande wa nyuma, kushoto na kulia sawasawa, ujaribu baada ya kila mbano. Ukikibana kwa pupa kitapasuka. Kikigoma, fundi anabadilisha kichwa peke yake kwa bei ya chini sana kuliko zipu mpya. Ikishapona, pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno mara kwa mara. Hutelezesha na kupunguza tope kushika.

Yale magamba meupe hayana dawa. Ni utando wa plastiki unaopakwa upande wa ndani kuzuia maji, na unyevu pamoja na joto huuvunjavunja polepole hata begi likiwa kabatini. Lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ulisugue utoke wote, ukubali kwamba maji litapitisha.

Na hata likiwa jipya lingepitisha tu. Begi lililoshonwa lina mashimo ya sindano kote, na sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Muuzaji akikuambia "hili haliingizi maji" mwitikie kwa heshima, kisha nunua kwa sababu nyingine. Kinga ya kweli ni mfuko wa pili ndani. Wewe ni mtu wa ugani, mifuko ya PICS ya kuhifadhia mahindi unaifahamu kuliko mimi. Ile nailoni nzito ya ndani ikishatobolewa na panya haifai tena kwa nafaka, lakini sehemu iliyobaki nzima ukiikata na kuikunja mdomo mara tatu inahifadhi kishikwambi vizuri sana. Ioshe kwanza.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana hilo bovu ukilitengeneza litakuvusha kiangazi lakini silioni likimaliza masika mengine mawili.

La ngozi, hapana. Mwambie baba watoto nimemsikia na hoja yake ina heshima. Tena ngozi inatuhusu sisi watu wa nyanda za juu kuliko wengi wanavyojua: pale Njombe kampuni ya Tanwat ilianza mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, na dawa inayotolewa kwenye magome yake ndiyo hutumika kulainisha na kuhifadhi ngozi viwandani. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ni nzuri, haina kromi, ile kemikali ya kutengenezea ngozi nyingi za viwandani, ikitunzwa inazeeka na mwenyewe. Lakini inatunzwa. Inataka mafuta, inataka ikauke polepole kivulini, na ikilowa kila siku wiki nzima halafu ikawekwa chumba cha baridi cha Tukuyu mwezi wa Juni, inaota ukungu. Halafu ni nzito kabla hujaweka hata daftari. Yeye ndiye anunue la ngozi, akaendee ofisini.

La binamu, nalo naliona kwa macho mawili. Kuna shirika la Fair Wear, lilianzishwa Uholanzi mwaka 1999, na kampuni za mabegi za Ujerumani kama Deuter na VAUDE zimekuwa wanachama wake. Fair Wear haithibitishi begi moja moja. Inachunguza jinsi kampuni inavyonunua kazi viwandani: inatoa muda wa kutosha au inasukuma watu washone usiku, bei inayolipa inaweza kweli kubeba mshahara wa haki. Naupenda uchunguzi wa namna hiyo, kwa sababu usiku wa mdogo wako chanzo chake mara nyingi ni oda iliyokuja kwa kuchelewa na bei iliyobanwa.

Ila cheti usikiamini kama kiapo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka karibu na Dhaka, Bangladesh, likaua zaidi ya watu 1,100 waliokuwa kwenye viwanda vya nguo ndani yake. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi waliogopa, wakaamriwa warudi kazini. Na baadhi ya viwanda vilivyokuwemo vilikuwa vimeshakaguliwa kwa niaba ya wanunuzi wa Ulaya. Mkaguzi huja siku yake na orodha yake, akaondoka.

Kwa hiyo laki tatu na nusu, kwa mshahara wako na kodi ya nyumba mbele yako, sikushauri. Zile dhamana za maisha yote wanazotoa baadhi ya kampuni za nje nazo zisikuvute. Likiharibika ukiwa Tukuyu nani atalipa nauli ya kulirudisha Ulaya?

Shoga yako wa mitumba ana hoja nzuri kuliko anavyodhani. Begi lililokwisha tumika halimwiti mtu mpya kukesha kwenye cherehani, na limeshajaribiwa: la ovyo lilikufa hukohuko. Hayo mabegi ya Kijerumani niliyoyataja nayo hujitokeza kwenye mafungu ya Mwanjelwa, bei ikiwa ndogo kuliko la binamu mara nyingi. Fika asubuhi wanapofungua mzigo, usifike saa kumi jioni ukalaumu kwamba kumebaki takataka. Jina la mbele usiliangalie. Ligeuze nje-ndani. Pitisha mkono chini na kwenye pembe uone kama kitambaa kimekonda, gusa utando wa ndani uone kama umeanza kunata, vuta kila mkanda kwa nguvu zako zote mbele ya muuzaji, asikukasirikie. Kingo za ndani za mshono ziwe zimefunikwa kwa utepe, zisiachwe zikifumuka nyuzi. Kama ndani kumeshonewa bitana nzima huwezi kuona mishono, ibonyeze kwa vidole uone kama mikanda imeingia ndani au imeishia ukingoni.

Mengine yana namba. Kitambaa kikiandikwa 600D au 1000D, hiyo D ni denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi mzito zaidi, namba kubwa zaidi. Lakini nailoni na poliesta hazilingani hata namba ikiwa moja. Kwa kusuguliwa nailoni ni ngumu zaidi, poliesta huvumilia jua vizuri zaidi. Zipu nayo mara nyingi ina namba nyuma ya kichwa, 5, 8 au 10, na kwa mlango mkubwa wa begi la kazi kama lako usikubali chini ya 8. Herufi za YKK ni za kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1934, zipu zake ni nzuri, na kwa sababu hiyohiyo zinaigwa sana. Herufi hizo kwenye kichwa peke yake hazithibitishi kitu.

Mimi lakini, pesa zikiwa zangu na mgongo ukiwa wako, ningeshonesha.

Najua umeshasema moyoni, "Anti, si nimekwambia mdogo wangu alinyonywa na karakana ya hapahapa?" Ndiyo maana nataka ushoneshe wewe mwenyewe, usinunue lililokwisha shonwa. Kutengenezwa karibu hakumfanyi mtu kuwa mwema. Kinachobadilika ni kwamba unaweza kuona. Nunua vifaa mwenyewe: kitambaa, zipu, mikanda, klipu, sponji, uzi. Halafu mkubaliane na fundi bei ya ufundi peke yake. Hapo utajua, hadi shilingi ya mwisho, mkono unapata nini, jambo ambalo hata kampuni zenye vyeti hupata tabu kukuonyesha. Kwenye vifaa bembeleza upendavyo, dukani ndiko kwenye faida. Kwenye ufundi usimkamue. Kama ana wasaidizi, uliza nani atashona begi lako na analipwaje. Usiulize kwa sauti ya polisi. Sema tu, "Huyu kijana naye anapata chake hapa?" Wanaojifunza kazi mara nyingi hawalipwi, au wao ndio wanamlipa fundi, hilo ni desturi na lina ubishi wake; lakini ukiona mtoto aliyepaswa kuwa darasani anashona mizigo ya wateja, ondoka. Ile Sheria ya Ajira niliyoitaja kwa mdogo wako hairuhusu kuajiri aliye chini ya miaka 14.

Ukipita Iringa, ingia Neema Crafts. Ipo tangu 2003, inaajiri watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, wanafuma na kushona, na wageni hutembezwa kwenye karakana. Sikwambii ukanunue huko begi la pikipiki. Nakwambia ukaone karakana ambayo haina cha kuficha inavyokuwa, ili ukirudi kwa fundi wako jicho lako liwe na kipimo.

Turubai zito la pamba lifae mwili, turubai la plastiki la malori lifae kitako na sentimita kumi za kwanza za ubavu, pale panapokaa kwenye tope. Usishone begi zima kwa plastiki, litakuwa zito na mgongo utatokota jasho. Wazo si geni: ndugu wawili wa Zürich, Markus na Daniel Freitag, walianza mwaka 1993 kushona mabegi kwa maturubai ya malori yaliyochakaa na mikanda ya usalama ya magari, na leo watu wa Ulaya wanayalipia pesa nyingi. Mikanda ya usalama utaipata kwa wauza vipuri vya magari yaliyochinjwa. Ni imara mno ila inateleza, klipu za kawaida za kurefusha haziishiki vizuri, kwa hiyo ishonwe kwa urefu wako kabisa, ukiwa umevaa lile koti la mvua. Turubai la pamba ulisugue nta ya nyuki halafu pasi ya vuguvugu juu ya karatasi. Nta ukiipata kwa warina asali wa Mufindi au Chunya ni nzuri. Litabadilika rangi kidogo na kunukia asali wiki ya kwanza.

Muda: peleka kazi kati ya Juni na Oktoba. Desemba na Januari fundi amezama kwenye sare za shule, na wewe ukimharakisha hapo utakuwa umefanya kilekile kilichomkesha mdogo wako. Lipa malipo ya awali, mpe wiki zake, usimpigie simu kila asubuhi.

Vimfuko vya udongo visirudi mgongoni. Funga kisanduku au kreti nyuma ya pikipiki, udongo ukae huko. Na siku ya kupima, nenda kwa fundi na kishikwambi chenyewe, usimpe vipimo vya kichwani. Mfuko wake wa ndani ushonwe upande wa mgongoni, uishie vidole vitatu juu ya kitako cha begi, ili ukiliangusha begi sakafuni kioo kisiguse chini.